Kimya Kina Mwenyewe

Kuna kanuni moja fupi iliyoandikwa ndani ya mashine nyingi, na kabla ya mashine ilikuwa imeandikwa kwenye sheria: aliyenyamaza kwa muda fulani, mhesabu kwamba ameondoka. Wanaotunza seva wanaiita taimauti. Wakipsigis wa Kericho na Bomet waliijua miaka mingi kabla ya seva, kwa jina lingine, na walichopoteza kilikuwa mashamba.

Insha hii inaifuata kanuni hiyo pande zote mbili. Tutaanza na kompyuta, kwa sababu kwenye kompyuta unaweza kumshika mhusika ukiwa umekaa tu kwa kiti na chai yako. Tukishamjua sura, tutamtafuta kwenye vitabu vya sheria.

Mkulima wa kwanza kwenye foleni

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini vipande vyake vyote ni vya kweli, na fundi yeyote wa seva atavitambua.

Tuseme kuna kituo cha kununulia chai upande wa Konoin, Bomet. Wakulima wanaleta majani mabichi, karani anapima kwa mizani ya umeme, na kila uzito unatumwa kwa seva ndogo mjini kama mstari mmoja wa maandishi: namba ya mkulima, kilo, saa. Kwenye seva, mstari unapokelewa na programu ya kutunza kumbukumbu za mfumo, ile inayoitwa syslog. Syslog haijui chai wala kilo. Kazi yake ni kupokea mistari na kuifikisha inakotakiwa. Kwa hiyo fundi ameiambia iwashe skripti fupi, na kila mstari unaoingia iumwagie skripti hiyo. Skripti nayo imefungua laini kwenye hifadhidata. Ikipokea mstari, inauandika huko. Basi.

Mchana kutwa mambo ni shwari. Lori la mwisho linaondoka kuelekea kiwandani saa moja jioni. Usiku hakuna anayechuma chai. Kesho yake saa nne asubuhi mizani inawashwa, mkulima wa kwanza anaweka mzigo wake, kilo zinasomwa, risiti inatoka. Anakuja wa pili, wa tatu, wa kumi. Mwisho wa mwezi hesabu zinapigwa, na kumbe kilo za yule wa kwanza hazipo. Za wa pili zipo. Jana yake pia za wa kwanza hazikuwepo. Juzi pia.

Hebu angalia ni nani anayeumia hapa. Ni aliyeamka mapema kuliko wote, akachuma na umande, akafika kituoni kabla ya wengine. Ana risiti mkononi lakini mfumo haumjui. Na kwa kuwa anayetangulia leo si lazima atangulie kesho, hasara inasambaa kidogo kidogo, kilo 12 kwa huyu, kilo 9 kwa yule. Kila mmoja akilalamika peke yake anaonekana msumbufu. Karani atamwambia, "Mama, mashine haidanganyi."

Na kweli mashine haikudanganya. Ilichofanya ni kufuata sheria ambayo hakuna aliyekaa chini akaisoma.

Dimoni

Programu kama syslog inaitwa dimoni. Usishtuke, si jini wa mganga. Jina hilo lilianza mwaka 1963 katika Project MAC, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, miongoni mwa wataalamu waliofanya kazi na Fernando Corbató. Walikuwa wanamfikiria yule kiumbe wa kubuni wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, anayekaa mlangoni akipanga chembe moja moja bila kuchoka. Dimoni ya kompyuta iko hivyo hivyo: inakaa nyuma ya pazia, haina dirisha wala kitufe, na saa nyingi kazi yake ni kungoja.

Syslog yenyewe ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Eric Allman alikuwa anatengeneza Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, na alihitaji mahali pa kuandika matukio yake. Akatengeneza dimoni ya kuandika. Programu nyingine zikaona ni kitu kizuri, zikaanza kuazima. Kwa miaka mingi hapakuwa na kanuni rasmi, kila mtu alimwiga mwenzake. Hati ya kwanza, RFC 3164, ilitoka Agosti 2001, na ilieleza tu yale ambayo watu walikuwa tayari wanafanya. Kiwango kamili, RFC 5424, kilikuja Machi 2009, kikiwa kimeandikwa na Rainer Gerhards wa Ujerumani, ambaye mwaka 2004 alikuwa ameanzisha rsyslog. Kabla yake, mwaka 1998, Balázs Scheidler wa Hungary alikuwa ameanzisha syslog-ng. Seva nyingi unazotumia leo bila kujua, kuanzia za benki hadi za shule, zina mojawapo ya hizo mbili.

Kinachounganisha dimoni na skripti ni paipu. Wazo la kuunga programu moja na nyingine, kama unavyounga mipira ya kumwagilia bustani, liliandikwa na Doug McIlroy wa Bell Labs mwaka 1964. Ken Thompson akaliingiza kwenye Unix mwaka 1973. Paipu ina tabia moja ya kukumbuka. Programu inayosoma paipu tupu haipigi kelele wala haiulizi maswali. Inalala hadi kitu kije. Ukiitazama kutoka nje, huwezi kujua kama inangoja au imekufa.

Shida yote ya mkulima wetu inaanzia kwenye hiyo sentensi ya mwisho.

Saa tatu ukutani

Fundi mwenye haraka atakwambia ni netiwaki. Akikosa netiwaki atasema ni stima. Ataizima seva, ataiwasha, itafanya kazi, ataenda zake. Shida ni kwamba kila ukiwasha upya unafuta ushahidi, na pia unafungua laini mpya, kwa hiyo lazima mambo yaonekane yamepona. Mpaka kesho asubuhi.

Afadhali kuuliza polepole. Swali la kwanza: ni nani alifunga? Kati ya mizani na hifadhidata kuna saa tatu zinazohesabu ukimya, na kila moja imewekwa na mtu tofauti.

Saa ya kwanza ni ya dimoni. Syslog-ng ina mpangilio wa kufunga faili au paipu iliyokaa kimya, na kipimo chake cha kawaida ni sekunde 60. Rsyslog ina kifaa kinachoitwa omprog, ndicho kinachowasha skripti. Ukikiambia kingoje jibu baada ya kila ujumbe, skripti inapewa milisekunde 10,000, yaani sekunde kumi. Isipojibu, imehesabiwa kuwa imeshindwa.

Saa ya pili ni ya hifadhidata. Kwa MySQL, laini isiyotumika inafungwa baada ya muda unaoitwa wait_timeout, na kama hujagusa chochote muda huo ni sekunde 28,800. Gawanya uone. Ni masaa manane kamili.

Saa ya tatu iko njiani, kwenye ruta na kuta za moto ambazo data inapitia. Vifaa hivi hukumbuka ni laini zipi ziko wazi, lakini kumbukumbu ina mwisho, kwa hiyo laini iliyokaa kimya inafutwa. Mara nyingi hakuna upande unaoambiwa. TCP, itifaki inayobeba karibu kila kitu, ina njia ya kubisha hodi ili kujua kama mwenzako bado yupo. Lakini RFC 1122 ya mwaka 1989 ilisema hodi hiyo isipigwe mpaka mtu aiombe, na hata ikiombwa, kipimo cha kawaida kisiwe chini ya masaa mawili. Ruta nyingi husahau mapema kuliko hapo. Unabisha hodi kwenye nyumba ambayo imeshabomolewa.

Sasa rudi kwa mfano wetu. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne asubuhi ni masaa 15. Kama mwizi angekuwa ile saa ya sekunde 60, kilo zingepotea hata mchana, wakati karani ameenda kula. Hazipotei mchana. Zinapotea mara moja tu kwa siku, baada ya usiku. Kidole kinaelekea kwa yale masaa manane.

Lakini kuelekeza kidole si ushahidi. Na usikae macho usiku kucha kungoja asubuhi. Chukua seva ya majaribio, punguza yale masaa manane yawe sekunde 60, tuma ujumbe mmoja kwa amri ya logger, kaa kimya dakika mbili, kisha tuma mwingine. Wakati huo uwe unaichungulia skripti kwa kifaa kama strace, kinachoonyesha kila ombi ambalo programu inapeleka kwa mfumo. Ukiona imesimama kwenye kusoma paipu, jua iko hai, inangoja. Ukiona kusoma kumerudisha sifuri, dimoni ndiyo imefunga paipu, na tatizo liko juu ya skripti. Ukiona imesoma mstari vizuri kabisa, kisha ikakwama kwenye kuandika, tatizo liko chini yake.

Katika mfano wetu ni hilo la tatu. Skripti ilisoma mstari wa mkulima wa kwanza bila shida. Ilipojaribu kuuandika, hifadhidata ikajibu kwamba laini haipo tena. Skripti haikuwa imeandaliwa kwa jibu hilo, ikafa. Dimoni ilipoona skripti imekufa ikawasha nyingine, na nyingine hiyo ikafungua laini mpya. Mstari wa mkulima wa pili ukaingia vizuri. Wa kwanza je? Dimoni ilikuwa imeshauhesabu umefika, kwa sababu iliumwaga kwenye paipu kwa mkono wake.

Dimoni ilitimiza wajibu. Hifadhidata ilifunga laini iliyonyamaza, kama ilivyoagizwa. Skripti ilikufa kwa kosa halali. Hakuna aliyevunja sheria, na mama wa Konoin amepoteza kilo 12.

Wengi wakifika hapa wanaongeza namba. Yale masaa manane yawe ishirini na manne, kwisha stori. Jumanne sawa, Jumatano sawa. Halafu Jumapili kituo kinafungwa. Kutoka Jumamosi saa moja jioni hadi Jumatatu saa nne asubuhi ni masaa 39. Jumatatu mama anapoteza kilo zake tena, na safari hii itachukua muda mrefu kugundua kwa sababu inatokea mara moja kwa wiki.

Tiba ya kweli inagusa ile dhana iliyo chini ya namba. Skripti ikitaka kuandika, iulize kwanza kama laini ipo. Ikiwa haipo, ifungue nyingine na iandike mstari ule ule, usitupwe. Dimoni nayo isiseme ujumbe umefika mpaka skripti ijibu kwamba imeshauhifadhi. Kwa maneno mengine, kimya kisihesabiwe kama jibu. Na kuna dawa ya tatu, ya zamani kuliko hizi, ambayo vijana wengi wanaizima bila kujua ni ya nini.

Mstari wa dakika ishirini

Syslog ya zamani ilikuwa na mazoea ya kushangaza kidogo. Kila baada ya dakika 20 iliandika mstari huu kwenye faili: -- MARK --. Hakuna habari ndani yake. Hakuna kosa, hakuna onyo. Ukiwa mgeni unaona ni takataka inayojaza diski. Rsyslog ya leo bado inaweza kufanya hivyo ukiongeza moduli ya immark, na kipimo chake bado ni sekunde 1,200, zile zile dakika 20.

Maana yake ni hii: niko hapa, na hakuna jipya.

Bila mstari huo, usiku wa amani na usiku ambao mfumo ulikufa vinafanana kabisa. Vyote viwili ni ukurasa mweupe. Asubuhi unafungua faili, unaona hakuna kitu kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na huna njia ya kujua kama hakukuwa na tukio au hakukuwa na mwandishi. MARK inautofautisha ukimya na kutokuwepo.

Watu wa viwanda vya chai hawahitaji kufundishwa jambo hili. Majani yakifika kiwandani, iwe Litein, Kapkatet au Mogogosiek, hayaendi moja kwa moja kwenye mashine ya kukata. Yanatandazwa kwenye mabeseni marefu, feni zinapuliza hewa kutoka chini, yanaachwa yanyauke, mara nyingi kwa masaa kumi na mbili au zaidi. Mgeni akipita hapo saa tisa usiku ataona rundo la majani yaliyolala tu. Lakini yanapoteza maji, yanalainika, kemia yake inabadilika, na yasiponyauka vizuri chai haitatoka vizuri. Kuna mtu wa zamu anayepita, anayashika, anayanusa. Huyo ndiye MARK. Hakuna meneja atakayeingia aseme majani haya hayana kazi kwa sababu hayatikisiki, yatupeni.

Ajabu ni kwamba ardhi yenyewe inayootesha majani hayo ilitazamwa kwa jicho hilo hasa. Kuna watu walifika, wakaona imetulia, na wakaandika kwamba haina mtu.

Ardhi iliyonyamaza

Desemba 1899, wanasheria wa Taji huko London walitoa maoni kuhusu nchi zilizo chini ya ulinzi wa Uingereza. Walisema kwamba pale pasipo na serikali ya namna waliyoitambua wao, Taji lina mamlaka juu ya ardhi iliyo tupu na isiyokaliwa. Mwaka 1901 ikatoka amri ya ardhi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1902 ikafuata Sheria ya Ardhi ya Taji, iliyomruhusu Kamishna kuuza na kukodisha.

Sheria hiyo ya 1902 ina sehemu ambayo msomaji wa logi ataitambua papo hapo. Ilisema kwamba Kamishna hatauza wala kukodisha ardhi ambayo wenyeji wanaikalia hasa. Hadi hapo ni sawa, ama sivyo? Lakini iliendelea. Iliruhusu mlowezi akodishiwe eneo lenye makazi ya wenyeji ndani yake. Vipande vilivyokaliwa vingehesabiwa kuwa nje ya mkataba maadamu wenyeji bado wanavikalia. Wakiacha kuvikalia, vinaingia mikononi mwa mlowezi.

Soma tena polepole. Hiyo ni taimauti. Laini yako iko wazi maadamu unaonekana ukiitumia. Ukinyamaza, inafungwa, na anayenufaika ni yule aliye upande wa pili. Tena ni taimauti mbaya kuliko ya MySQL, kwa sababu MySQL angalau inataja sekunde 28,800. Sheria ya 1902 haikutaja hata siku moja. Haikusema mwenyeji aulizwe, wala haikumwachia njia ya kufungua laini upya.

Sasa iweke sheria hiyo juu ya maisha ya Wakipsigis. Ng'ombe hawakukaa bomani mwaka mzima. Vijana waliwapeleka kwenye kambi za malisho zilizoitwa kaptich, mbali na nyumbani, na majani ya nyuma yakapata nafasi ya kuota. Shamba la wimbi likichoka liliachwa lipumzike. Mwenye kokwet, yaani watu wa ujirani mmoja, alijua kabisa lile pori ni la nani na litarudiwa lini. Afisa aliyepita na farasi na daftari hakujua. Kwake, malisho yaliyopumzika yalikuwa ardhi tupu. Alisoma ukurasa mweupe akadhani hakuna mwandishi, kumbe mwandishi alikuwa anatumia daftari ambalo yeye hakuwa na macho ya kulisoma.

Na kuna kimya kingine, cha kunyamazishwa. Mwaka 1905 jeshi la wakoloni lilifanya msafara wa adhabu dhidi ya Wakipsigis wa Sotik. Mwaka 1914 viongozi watatu wa ukoo wa Talai, akiwemo Kipchomber arap Koilegen, ndugu yake Koitalel arap Samoei wa Nandi, walihamishwa kwa nguvu hadi upande wa Fort Hall na Nyeri. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuuhamisha ukoo mzima, na watu wapatao 700 wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya joto, mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi karibu na uhuru. Ukimfukuza mtu kwa bunduki au kwa sheria, kisha ukaandika kwamba ameacha kuikalia ardhi yake, logi yako itaonekana safi kabisa. Strace ingeonyesha kitu tofauti: kwamba paipu ilifungwa kutoka juu.

Lakini kuna tukio moja linaloonyesha wazi kuliko mengine jinsi kanuni hii ilivyofanya kazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 katika eneo la Kericho kwa ajili ya maafisa wa kijeshi wa Uingereza waliolemaa vitani. Mpango huo ulijulikana kama BEADOC. Maafisa walipewa ardhi walime kitani, ule mmea wa nyuzi. Bei ya kitani ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mpango ukafa, mashamba yakabaki.

Kwa hiyo sasa tuna ardhi kubwa, imenyamaza, mwenye mkataba ameshindwa kuitumia. Kama kanuni ya ukimya ingekuwa kanuni kweli, ingefanya kazi hapa pia, na ardhi ingerudi kwa Wakipsigis. Haikurudi. Iliuzwa. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameingia Kericho, na chai ikapandwa kwenye yale yale mashamba. Leo ukipanda matatu kutoka Nakuru, makanga akiita "Bruk! Bruk!", anaita jina la kampuni, na wengi hawakumbuki kwamba ni jina la kampuni.

Hapo unaona kwamba kulikuwa na saa mbili ukutani. Mwenyeji alipimwa kwa siku ya leo: uko au hauko? Mlowezi alipimwa kwa saa nyingine kabisa. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliongeza muda wa mikataba ya mashamba hadi miaka 999. Hesabu mwenyewe. Mkataba wa mwaka 1925 ungeisha mwaka 2924. Kwa muda wote huo mwenye nao angeweza kulala, kushindwa, kuuza, kuondoka, na laini yake ingebaki wazi.

Hata kazi ilipimwa vivyo hivyo. Sheria ya kusajili wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, karatasi iliyotunza jina lake, mwajiri wake na mshahara wake. Aliyeondoka kabla mwajiri hajatia sahihi alihesabiwa mtoro. Kimya chake hakikuulizwa. Huenda mama yake alikuwa anaumwa. Kipande hakikuwa na nafasi ya kuandika hivyo.

Nani anaweka namba

Unaweza kusema hayo ni ya zamani. Lakini saa bado zinahesabu, na namba zinabadilishwa na wenye mamlaka ya kubadilisha.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, ilipunguza mikataba ya ardhi ya wasio raia hadi isizidi miaka 99. Zile 999 zikafutika kwa sentensi moja. Hilo peke yake linatuonyesha kwamba namba hizi hazikuwahi kuwa sheria ya maumbile, ni mpangilio tu wa mfumo, na mpangilio hubadilika. Katiba hiyo hiyo ilianzisha Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Mwaka 2019 tume ikatoa uamuzi kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamepeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu maalumu wa umoja huo wakaonyesha wasiwasi wao hadharani kwa serikali ya Uingereza.

Wakati huo huo, kwenye sheria ya tume kulikuwa na saa. Marekebisho ya mwaka 2016 yalitoa miaka mitano ya kupokea madai ya dhuluma za kihistoria. Dirisha likafungwa Septemba 2021. Ambaye hakuwa amewasilisha dai lake kufikia hapo, kwa mujibu wa saa hiyo, alikuwa amenyamaza.

Najua taimauti ni za lazima. Seva isiyofunga laini zilizokufa itajaa, itakwama, na hatimaye hakuna atakayehudumiwa. Mahakama isiyo na ukomo wa muda nayo haitamaliza kesi hata moja. Kwa hiyo swali la maana haliko kwenye kuwepo kwa namba. Liko kwenye namna namba ilivyowekwa. Aliyeiweka alijua usiku wa mwenzake ni mrefu kiasi gani? Anayefungiwa anaambiwa, ama anagundua mwisho wa mwezi hesabu zikipigwa? Na akirudi asubuhi na ujumbe ule ule, kuna mahali pa kuupokea?

Masaa manane ya MySQL si ya uovu. Ni namba ya kawaida tu, iliyowekwa na watu ambao hawakuwa wanafikiria kituo cha chai kinachofunga saa moja jioni. Sheria ya 1902 ni jambo lingine. Walioiandika walijua wazi kwamba kuna watu, ndiyo maana waliwataja. Lakini matokeo kwa aliye mwisho wa laini yanafanana sana: amekuja na mzigo wake, ana risiti yake, na kitabu kinasema hayupo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Methali hiyo tunaitumia kama onyo, lakini inaweza pia kusomwa kama ushauri wa fundi. Kabla hujafunga laini iliyokaa kimya, bisha hodi. Ukikuta kimya kwenye logi, tafuta MARK. Na kama hakuna MARK, usiandike kwamba hakukuwa na mtu. Andika kwamba hukuona.

Ile skripti ya Konoin inatengenezeka kwa mistari kama kumi ya msimbo. Itauliza kabla ya kuandika, itafungua laini upya, na kilo za mama wa kwanza zitaingia Jumatatu kama zilivyoingia za wa pili. Ni kazi ya alasiri moja. Upande wa mashamba, ujumbe bado uko mkononi mwa waliobaki, katika kumbukumbu za wazee, majina ya mito na vilima, na makaburi yaliyo katikati ya mistari ya chai. Haujapotea. Kinachokosekana ni laini ya kuupokea.